Mvule Juu ya Gredi ya Tatu

Watu wa Kitale wanaomwona Jentrix Nakhungu akining'inia kwa kamba juu ya paa la nyumba ya mtu, msumeno wa mkono ukiwa kiunoni, husema mama huyo hana woga. Wamekosea. Kila asubuhi ya kazi, kabla hajavaa mshipi wa kupandia, Jentrix hutafuta mahali pa faragha nyuma ya nyumba ya mwenye mti, akatapika chai aliyokunywa, akasukutua mdomo, kisha akarudi na kusema yuko tayari. Mwenzake wa kazi, mzee Ngari, anayeshika kamba ya chini, anajua jambo hilo na hajamwambia mtu.

Zamani hakuwa hivyo. Alizaliwa pande za Sirisia, na akiwa msichana alipanda kila mti aliokatazwa. Nyanya yake alimgombeza kwamba mwanamke hapandi mti wala paa, ni mwiko. Jentrix alishuka, na nyanya alipoingia jikoni akapanda tena. Alipohamia Kitale kutafuta riziki, akapanga chumba karibu na Kipsongo, aliandikwa kibarua na kontrakta mmoja wa kukata matawi yanayogusa nyaya za stima. Kazi yake ilikuwa kukokota matawi hadi kwenye lori. Aliyempandisha mtini ni Kiplimo, fundi mwembamba asiyependa maneno mengi, baada ya kuona kwamba huyu kibarua anakokota matawi huku macho yakiwa juu wakati wote.

Kiplimo alimfundisha kwamba kuangusha mti ni kazi ya nusu siku, lakini kuuacha mti ukiwa hai na usimdhuru mtu ni kazi ya kufikiri. Alimwonyesha mahali pa kupitisha msumeno ili kidonda cha mti kifunge chenyewe: usiache kisiki kirefu kitakachooza, wala usikwangue ule uvimbe ulio shingoni mwa tawi, maana hapo ndipo dawa ya mti ilipo. Jentrix alijifunza haraka. Kwa miaka mitatu walipanda pamoja.

Halafu Kiplimo akafa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua likiwaka, hakuna upepo. Alikuwa amefunga kamba yake kwenye tawi nene la grevilea lenye majani ya kijani kibichi. Ndani tawi lilikuwa limeoza lote, limebaki gome na ganda jembamba la mbao. Halikulia wala kutoa onyo kabla ya kuvunjika. Jentrix alikuwa chini, hatua kumi kutoka pale alipoangukia. Kilichomsumbua baadaye, zaidi ya ule mshindo, ni majani yale. Yalikuwa mazuri mno.

Aliacha kazi. Miezi kumi na minne aliuza sukuma wiki na nyanya sokoni, na alipopita chini ya mti barabarani aliharakisha hatua. Aliyemrudisha ni Mama Rajinder, mjane mwenye duka la vitambaa mjini, aliyekuja hadi kwenye kibanda chake akiwa ameshika mkoba kifuani.

"Nyumbani kwangu kuna jakaranda iliyopandwa na baba mkwe wangu," alisema. "Kila fundi anayekuja anataka kuiangusha. Nimesikia wewe unajua kupunguza tu."

"Niliacha hiyo kazi, mama."

"Basi njoo uangalie. Kuangalia si kupanda."

Jentrix alienda kuangalia. Wiki ya pili alipanda, na asubuhi hiyo ndipo alipotapika mara ya kwanza. Tangu siku hiyo hajaamini tawi lolote kwa sababu ya majani yake. Hutembea na nyundo ya mbao, akagonga shina na matawi moja moja, sikio likiwa karibu na gome, akisikiliza kama ndani kumejaa au ni kutupu. Hufunga kamba mbili mahali pawili tofauti. Bwana mmoja alimwambia anapoteza wakati kama daktari anayempima mtu asiyeumwa. Aliendelea kugonga.

Mwaka jana, mwishoni mwa Machi, alipigiwa simu na Mwalimu Wakoli, mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi karibu na Sirisia. Jentrix alilijua jina lake vizuri, kwa sababu binti yake mwenyewe, Joy, mwenye miaka minane, aliishi na bibi yake huko na alikuwa gredi ya tatu katika shule hiyo.

"Mama Joy, usishtuke, mtoto yuko sawa," Mwalimu alianza, na kwa kusema hivyo akamshtua. "Ni ule mvule. Tawi limeanguka."

Mvule huo ulikuwapo kabla ya shule. Watu wanne wakishikana mikono ndio wangeuzunguka. Darasa la gredi ya tatu lilijengwa chini yake kwa ajili ya kivuli, na tawi moja kubwa, nene kama pipa, lilipita juu ya paa la darasa hilo kutoka ukuta hadi ukuta. Lililoanguka lilikuwa tawi jingine, kavu, upande wa uwanja. Lilianguka Jumapili, watu wakiwa kanisani, likavunja mbao tatu za goli. Jumatatu asubuhi wazazi walijaa shuleni.

Jentrix alipofika Jumatano, alikuta mfanyabiashara wa mbao amekwisha kuja na kupima shina kwa kamba. Alikuwa ameahidi kuangusha mti bure, kuuchukua, na kuipa shule madawati arobaini. Wazazi wengi waliona hilo ni jambo la baraka. Aliyesema kwa sauti kubwa zaidi ni mama mmoja aitwaye Phelista, mwenye mapacha katika gredi ya tatu.

"Si tuukate tu tumalize? Ati tunangoja mpaka mtoto afe?"

Jentrix aliwaomba wampe siku moja. Aligonga shina lote kuzunguka, kuanzia mizizini hadi mahali mkono ulipofika, kisha akapanda ngazi na kugonga tena. Shina lilijibu kwa sauti nzito, iliyojaa. Aliona matawi makavu manne. Aliona pia kwamba udongo chini ya mti umekanyagwa na miguu ya watoto hadi umekuwa mgumu kama sakafu, maji hayaingii. Akatazama lile tawi kubwa juu ya darasa kwa darubini ndogo aliyopewa na Mama Rajinder. Majani yalikuwa kijani. Gome lilikuwa safi. Alitazama muda mrefu, kisha akatazama tena.

Jioni alisimama mbele ya wazazi na bodi ya shule. Alisema mti ni mzima. Matawi makavu yaondolewe, tawi kubwa lipunguzwe uzito kwenye ncha zake, udongo ulegezwe na kufunikwa kwa majani makavu, na uwekwe ua ili watoto wasicheze chini. Akasema mvule huu unaweza kuishi miaka mingi kuliko wote walioketi pale.

Mwalimu Wakoli alikuna kidevu. "Unaweza kuandika hivyo? Utie sahihi?"

Kabla Jentrix hajajibu, Phelista akasimama. "Mimi nauliza kitu kimoja tu, mama Joy. Mtoto wako anakaa darasa hilo. Utamwacha hapo?"

"Nitamwacha," Jentrix alisema. Walikubaliana kazi ifanywe likizo ya Aprili, kabla watoto hawajarudi, na mpaka ikamilike gredi ya tatu isomee kanisani. Barua angeiandika kazi ikiisha.

Wiki mbili zilizofuata hakulala vizuri. Mchana, akipogoa mparachichi huko Kiminini, aliona kichwani paa la bati likikunjamana. Alimwambia Ngari kwamba anajuta kusema vile.

"Umesema uongo?" Ngari aliuliza.

"Nimesema nilichoona."

"Basi tutapanda tuone zaidi."

Siku ya kwanza ya kazi shuleni walishusha matawi makavu manne, moja baada ya jingine, yakiwa yamefungwa kamba, na hakuna hata bati lililobonyea. Baadhi ya wazazi walikuja kutazama wakaenda zao. Siku ya pili, baada ya kutapika nyuma ya choo cha walimu, Jentrix alipanda hadi kwenye lile tawi kubwa. Hakuligusa bado. Kamba zake mbili alikuwa amezifunga kwenye shina, juu zaidi. Alijishusha polepole mpaka macho yake yakawa sawa na mahali tawi linapoungana na shina, upande wa juu, ambao mtu aliye chini hawezi kuuona hata kwa darubini.

Hapo ndipo alipouona ufa.

Ulianzia kwenye pembe ya tawi na kukimbia kwa urefu wa mkono mzima kuelekea darasani. Ulikuwa umejaa majani yaliyooza na udongo mweusi, na ndani yake palikuwa na mche mdogo wa mti mwingine uliokuwa umeota, maana yake ufa ulikuwapo miaka kadhaa. Alitoa majani kwa kidole. Kidole kikaingia. Kisha mkono ukaingia hadi kwenye kifundo. Upepo mdogo ulipita, usiotosha hata kupeperusha kitambaa, na mkono wake ukiwa mle ndani alihisi kuta mbili za mbao zikisogeleana, zikambana kidogo, zikamwachilia.

Jentrix alitoa mkono na kukumbatia shina. Hakuweza kufanya kingine. Vidole vilikuwa vyeupe, na jasho lilimtoka mpaka likaingia machoni. Alifikiria watoto arobaini na wanane chini ya kitu hiki muhula mzima, mwaka mzima, wakikariri hesabu. Alifikiria neno alilolisema mbele ya watu: nitamwacha.

Chini, Ngari aliona kamba imekaa kimya mno. "Jentrix!" Akaita tena. "Jentrix, kuna nini?"

"Nimekosea," ndilo neno la kwanza lililotoka. "Mzee Ngari, nimekosea. Limepasuka."

"Wewe mwenyewe uko wapi? Umefunga wapi?"

"Kwenye shina."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Basi wewe hujafungwa kwenye hilo tawi. Kamba yako ninayo. Usishuke sasa, pumua kwanza."

Alikaa pale karibu saa nzima. Ngari hakumharakisha. Alimweleza kwa sauti ya kawaida habari za ng'ombe wake aliyekataa kunyonyesha ndama, jinsi alivyojaribu chumvi, jinsi jirani alivyompa ushauri wa kipumbavu. Jentrix hakusikia nusu ya maneno. Alisikia tu kwamba mtu yuko chini. Vidole viliporudi na damu, alishuka.

Pale chini palikuwa na Mwalimu Wakoli, Phelista, na mfanyabiashara wa mbao aliyekuwa amerudi kuangalia kinachoendelea. Jentrix angeweza kumwita Mwalimu pembeni. Alitaka sana kumwita pembeni. Lakini alivua helmeti, akasema mbele ya wote, "Niliwaambia tawi hili lipunguzwe tu. Nilikosea. Kuna ufa upande wa juu. Lazima litoke lote, na hakuna mtu kuingia darasani mpaka litoke."

Mfanyabiashara alicheka. "Si nilisema? Huyu mama alitaka kuua watoto. Hebu niwalete watu wangu kesho tuuangushe huu mzee."

Phelista hakucheka. Alimtazama Jentrix kwa macho makali. "Sasa tukuamini vipi kuhusu hilo shina?"

"Msiniamini," Jentrix alisema. "Njooni msikilize."

Akampa nyundo ya mbao. Phelista aligonga shina, akaweka sikio, akagonga tena. Jentrix akampeleka kwenye mkaratusi uliokuwa karibu na lango, ambao sehemu yake ya chini ilikuwa imeoza, akamwambia agonge huo pia. Ukatoa mlio kama debe. Phelista alirudi kwenye mvule na kuuzunguka wote peke yake, akigonga kila hatua, huku wengine wakingoja. Alipomaliza alirudisha nyundo. "Huu umejaa," alisema. "Lakini tawi litoke."

Kulitoa kulichukua siku tatu. Tawi lililopasuka ndicho kitu ambacho Kiplimo aliwahi kumwambia akimbie, kwa sababu likipunguzwa vibaya hufunguka kama mdomo na kumrukia mpandaji. Jentrix na Ngari walilifunga mnyororo mahali patatu ili ufa usifunguke, kisha wakaanza kulikata kutoka nchani, kipande kwa kipande, kila kipande si kikubwa kuliko mtoto wa kondoo, kila kimoja kikishushwa kwa kamba kando ya paa. Siku ya pili, saa nane, ufa ulilia. Mlio mfupi, kama mtu anayevunja muwa gotini. Jentrix alijirusha upande wa pili wa shina akaganda hapo, akingoja. Mnyororo ulishika. Alirudi, akakata kipande kilichofuata kwa muda uliozidi wa vingine mara tatu. Siku ya tatu jioni palibaki kidonda cha mviringo shinani, kipana kama meza, na mti ulionekana kama mtu aliyenyolewa nywele upande mmoja.

Aliandika barua. Aliandika kwamba shina ni zima siku hiyo, si milele. Aliandika kwamba mti ukaguliwe kila baada ya miezi mitatu, na kwamba atakuja mwenyewe. Bodi ilikataa madawati na mti ukabaki, kwa tofauti ya kura moja tu, na Mwalimu Wakoli alimwambia waziwazi, "Mama Joy, kitu kikitokea, mimi na wewe tumekwisha." Watoto walirudi darasani mwanzo wa muhula.

Wiki ya tatu ya Mei, mchana, Jentrix alikuwa Kitale kwa Mama Rajinder akikagua jakaranda. Anga upande wa Mlima Elgon, kuelekea Sirisia, liligeuka rangi ya bilinganya. Upepo ulikuja kabla ya mvua, kisha mvua ya mawe, makubwa kama kunde zilizolowekwa, halafu makubwa zaidi. Walikimbilia barazani. Mabati ya jirani yaliruka barabarani. Jentrix alitazama saa: saa saba na dakika ishirini. Watoto walikuwa darasani.

Alimpigia mama yake. Hapatikani. Alimpigia Mwalimu Wakoli. Hapatikani. Akapiga tena, na tena, kidole kikiteleza juu ya simu. Mama Rajinder alimletea chai, naye akaishika mpaka ikapoa. "Hata mti mzima unaweza kung'oka kwa upepo huu," alisema, si kwa Mama Rajinder wala kwa mtu yeyote. "Nimetoa tawi upande mmoja. Sasa umeelemea upande mwingine. Sikuhesabu vizuri? Nilihesabu. Sijui kama nilihesabu." Mama Rajinder aliketi karibu naye, akamshika mkono usio na simu.

Mvua iliisha baada ya nusu saa. Mtandao haukurudi. Jentrix alitoka langoni akasimama barabarani katika maji, akiwa hajui aende wapi, kwa maana hata kama angepata gari la kwenda Sirisia wakati huohuo, angefika jioni. Saa tisa na robo simu ililia. Ilikuwa namba asiyoijua, naye aliogopa kuipokea. Iliita mpaka ikakatika. Ikaita tena.

"Mama Joy? Ni Phelista. Simu ni ya shemeji."

Jentrix aliibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Unasikia? Umesimama. Ule mkaratusi wa langoni ndio umeanguka, umelala barabarani, na ofisi ya walimu imepoteza bati. Lakini mvule umesimama. Nimetoka huko sasa hivi, nilikimbia na mvua yote. Niko na watoto wangu na wako pia. Huyu hapa."

"Mama," Joy alisema, "mawe ya mvua yaliingia darasani kwa dirisha, mimi nilikula mawili."

Jentrix aliketi pale pale kwenye ukingo wa barabara, ndani ya maji, akalia kwa namna iliyowafanya wapita njia wadhani amepokea habari za msiba.

Tangu wakati huo amerudi Sirisia kila baada ya miezi mitatu, kama alivyoandika. Juni alikuta kidonda kimeanza kujizungushia mdomo wa gome jipya, mnene kama kidole. Udongo chini ya mti ulikuwa laini, na nyasi zilikuwa zimeota ndani ya ua.

Septemba, upande wa mashariki ambao hakuna aliyewahi kuushuku, alipiga magoti na kuona uyoga mmoja, mdogo kama sikio la mtoto, wa rangi ya kahawia, umeshika mzizi pale unapoingia ardhini. Uyoga kwenye mzizi huweza kuwa dalili ya kuoza ndani. Aligonga hapo mara nyingi. Sauti ilikuwa bado imejaa, au karibu imejaa. Hakuwa na hakika. Alichimba kwa vidole akafuata mzizi mpaka alipoona mbao safi, akapiga picha, akaweka alama ya rangi.

Mwalimu Wakoli alikuwa amesimama nyuma yake. "Ni mbaya?"

"Sijui bado, Mwalimu. Inaweza kuwa ni huu mzizi mmoja tu. Inaweza kuwa zaidi."

"Sasa tufanye nini?"

"Ua usogezwe hatua tano upande huu. Gwaride msifanyie hapa. Nitakuja kila mwezi badala ya miezi mitatu." Alisita. "Na siku nikisikia sauti nyingine, nitakuwa wa kwanza kuwaambia uangushwe."

Mwalimu alikubali kwa kichwa, akaenda kutafuta wanafunzi wakubwa wa kung'oa nguzo za ua. Jentrix alifungua daftari na kuandika tarehe, upande, ukubwa wa uyoga. Maandishi yalikuwa yamepinda. Aliyafuta, akayaandika upya ili yasomeke.